Mjane wa Brussels na wapwa wa Lusinga

Lori la shaba halivuki mpaka wa Kasumbalesa kabla halijasema limetoka wapi. Vibamba vimelala kimoja juu ya kingine, vimefungwa mafungu kwa mikanda ya chuma, na kila fungu lina kibandiko chenye nambari. Nambari ile lazima ifanane na iliyo kwenye hati, hati ifanane na mizani, na sili iliyofunga turubai isiwe imeguswa. Dereva Mtanzania au Mzambia aliyekaa siku kadhaa kwenye foleni anaweza kuapa kwa jina la mama yake kwamba mzigo ni safi, na hakuna karani wa forodha atakayeacha chai yake ipoe kwa ajili ya kiapo hicho. Aliyeushika mzigo ndiye anayeulizwa. Hakuna karani anayefunga safari mpaka Kolwezi kumwambia mwenye mgodi alete ushahidi kwamba shaba iliyo juu ya lori ni yake na kwamba aliibiwa.

Kanuni hii kila mchuuzi wa mpakani anaijua bila kufungua kitabu cha sheria. Ajabu ni kwamba haijawahi kutumika kwa mzigo mwingine uliotoka katika Kongo hii hii miaka mia moja na arobaini iliyopita, ukapita Karema na njia ya misafara hadi pwani, ukaishia kwenye sebule ya nyumba moja ya Brussels. Mzigo huo ulikuwa na sanamu za Watabwa na mafuvu matatu ya binadamu. Leo sanamu ziko katika makumbusho ya Tervuren, mafuvu yako katika Taasisi ya Kifalme ya Sayansi za Asili mjini Brussels, na anayeulizwa hati si aliyevishika bali ni yule anayevidai.

Habari yenyewe inajulikana, tena kwa undani usio wa kawaida kwa mambo ya karne ile. Luteni Émile Storms alikuwa askari Mbelgiji aliyetumwa na Chama cha Kimataifa cha Afrika, chama alichokianzisha Mfalme Leopold II mwaka 1876. Alishika kwanza kituo cha Karema, upande ambao sasa ni Tanzania, kisha mwaka 1883 akavuka Ziwa Tanganyika na kujenga Mpala, katika eneo la Moba la leo. Huko alimkuta Lusinga, chifu wa Watabwa aliyekuwa na bunduki, watu na sifa ya ukali, na wawili hawa hawakuweza kukaa milima ile ile. Desemba 4, 1884, rugaruga, wapiganaji wa kukodiwa wa Storms, kama mia moja hivi, walikishambulia kijiji cha Lusinga. Yeye aliuawa na kukatwa kichwa. Makumi ya watu wake waliuawa pamoja naye, wengine zaidi ya mia wakachukuliwa mateka. Sanamu ya wahenga wake ilibebwa. Ni sanamu ya mwanamume aliyesimama, nywele zake zimesukwa na kushuka mgongoni kwa msuko mmoja mrefu, mwili umechanjwa chale zilizopangwa kwa makini ya fundi aliyejua kila mstari una maana gani. Na si kwamba tunasimuliwa haya na maadui wa Storms. Takriban mwaka mmoja kabla ya shambulio, yeye mwenyewe aliandika katika shajara yake kwamba haitakuwa ajabu kichwa cha Lusinga kifike Brussels siku moja kikiwa na kibandiko kidogo, kwa kuwa kingependeza katika jumba la makumbusho.

Kibandiko kikapatikana. Mwaka 1886 Dakta Émile Houzé alilionyesha fuvu lile mbele ya Chama cha Anthropolojia cha Brussels, akilipima na kulieleza kama mtu aelezaye jiwe. Sanamu Storms alizibakiza nyumbani kwake Ixelles, mjini Brussels. Alipanda cheo mpaka ujenerali, akafa mwaka 1918, na picha iliyopigwa mwaka 1929 inaonyesha vitu vile bado vimepangwa ndani ya nyumba pamoja na silaha, mapambo ya ukutani ya familia yenye heshima zake. Katika miaka ya 1930 mjane wake aliutoa mkusanyo huo kwa makumbusho ya Kongo ya Tervuren. Mwaka 1964 mafuvu yakahamishiwa kwenye taasisi ya sayansi, na tangu hapo kichwa kimekaa mbali na sanamu.

Tutue kidogo kwa mjane huyu, kwa sababu ndiye kiini cha jambo. Mume alipofariki, sheria ya Ubelgiji haikumuuliza swali. Kilichokuwa ndani ya nyumba kilikuwa cha marehemu, na cha marehemu ni cha warithi wake. Alipoamua kutoa zawadi, makumbusho nayo haikumuuliza kitu. Ilipokea, ikaandika, ikashukuru. Mirathi ya upande mmoja ilipita kama maji mferejini. Sasa tazama upande wa pili. Watabwa huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na cheo cha chifu hushuka kwa watoto wa dada zake. Sanamu za wahenga haziwi mali ya chifu kama mali ilivyo saa ya mfukoni. Anazikalia tu kwa niaba ya ukoo, na akifa humwachia anayemfuata. Kwa hiyo siku ile ya Desemba 1884 palikuwa na warithi halali, wenye sheria yao ya mirathi, walio hai kijijini au waliofungwa kamba miongoni mwa mateka. Zilikutana sheria mbili za mirathi juu ya sanamu moja. Moja ilitambuliwa papo hapo, bila shahidi wala karatasi. Nyingine mpaka leo inaambiwa ilete cheti.

Mwaka 2018 mwandishi wa habari Michel Bouffioux aliifukua habari hii katika toleo la Kibelgiji la Paris Match, na mkazi mmoja wa Lubumbashi anayejitambulisha kuwa kitukuu cha Lusinga akamwandikia Mfalme Philippe kuomba fuvu lirudishwe. Sanamu ya Storms mwenyewe, ile ya kichwa na mabega iliyokuwa bustanini huko Ixelles, iliondolewa mwaka 2022. Kiongozi wa shambulio ameondoka barabarani. Aliyeshambuliwa hajaondoka sandukuni.

Mtetezi wa Tervuren ana hoja zake, na si haki kuzipita kimyamya. Ya kwanza ni ya wanasheria, nayo ni nzito. Katika sheria za kiraia zilizotokana na ile ya Napoleon, kitu kinachohamishika kikiwa mkononi mwa mtu, mkono wake ndio hati yake. Na aliyeibiwa amepewa miaka mitatu tu ya kukidai kwa aliyekipata kwa nia njema. Kongo nayo ilirithi kanuni hiyo kutoka kwa mkoloni. Bila kanuni kama hii soko la Kenya pale Lubumbashi lisingefunguliwa asubuhi, maana kila anayenunua baiskeli kuukuu angeishi kwa hofu. Lakini kanuni imewekwa kumlinda asiyejua. Je, ni nani kati ya hawa watatu ambaye hakujua? Storms aliandika alichokifanya. Mjane alikaa miaka mingi katika nyumba ambayo ukuta wake ulikuwa unasimulia. Makumbusho ilipokea, pamoja na vitu, karatasi za Storms zenye maelezo yote. Nia njema haitaki mtu awe malaika, inataka tu awe hana habari, na hapa kila aliyepokezwa mzigo alipokezwa na habari zake.

Hoja ya pili husema mambo ya 1884 yapimwe kwa sheria ya 1884. Haya, na yapimwe. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1874, wajumbe wa dola za Ulaya walikutana mjini Brussels kwenyewe, wakaandika azimio kuhusu desturi za vita ambamo uporaji ulikatazwa wazi na mali ya watu binafsi ikatakiwa kuheshimiwa. Azimio hilo halikuridhiwa na dola, hilo ni kweli. Lakini linatosha kuonyesha kwamba ofisa wa Kibelgiji wa miaka ile hakuhitaji kuzaliwa karne ya ishirini na moja ili ajue kwamba kupora ni kupora. Atakayejibu kwamba azimio liliyahusu mataifa yaliyostaarabika tu atakuwa ameeleza ubaguzi wa wakati ule kwa usahihi. Atakuwa hajaonyesha hati ya kumiliki sanamu. Tena Storms hakuwa hata na kisingizio cha dola iliyo vitani. Aliajiriwa na chama. Ubelgiji haikuwa imetangaza vita na mtu yeyote ziwani, Dola Huru ya Kongo haikuwa imezaliwa, na mkutano wa Berlin, uliofunguliwa Novemba 1884, ulikuwa bado unaendelea. Ukiondoa bendera, kinachobaki ni watu wenye bunduki waliokwenda kuchukua vya watu.

Hapo ndipo panapouma katika sheria ya Ubelgiji ya Julai 3, 2022, ile iliyopokelewa kwa vigelegele. Ina mema yake: imeruhusu vitu vya makumbusho ya shirikisho vitoke katika mali ya umma, na imekubali kwamba kilichochukuliwa kwa nguvu kinaweza kurudishwa baada ya wataalamu wa pande zote mbili kukichunguza. Lakini kwa Kongo hesabu yake inaanza mwaka 1885. Lusinga aliuawa wiki zisizozidi nne kabla ya mwaka huo. Si yeye peke yake. Sanamu kubwa ya Ne Kuko wa Boma, iliyotekwa na Alexandre Delcommune mwaka 1878 na kudaiwa na mwenyewe tangu siku zile zile, iko ng'ambo hiyo hiyo ya kalenda. Sababu inayotolewa ni kwamba Ubelgiji hujibu kwa ajili ya ukoloni wa Ubelgiji, na ukoloni ulianza na dola ya Leopold. Kwa maneno mengine, kitu kilichoporwa na wakala wa dola chaweza kurudi, lakini kilichoporwa na wakala wa chama cha mfalme yule yule, asiye na mamlaka yoyote ile, hakiguswi. Haki imepungua kadiri kisingizio kilivyopungua. Mabaki ya binadamu nayo sheria imeyaacha nje kabisa, hivyo sanamu imefungiwa na tarehe na fuvu limefungiwa na aina yake. Mradi wa utafiti uitwao HOME, ulioanza mwaka 2019, ulipendekeza mabaki hayo yatungiwe sheria yake.

Kwamba mambo yanaweza kwenda kwa njia nyingine, watu wa Lubumbashi wana mfano ambao hauhitaji kutafutwa mbali. Januari 17, 1961, Patrice Lumumba aliuawa Shilatembo, karibu na Lubumbashi, na ofisa wa polisi Mbelgiji, Gérard Soete, aliyeuyeyusha mwili wake kwa tindikali, aliondoka na jino. Alilitunza hadi alipokufa mwaka 2000, likabaki kwa bintiye. Mwaka 2016, baada ya mwandishi Ludo De Witte kufungua mashtaka, vyombo vya sheria vya Ubelgiji viliingia na kulichukua. Juliana, binti wa Lumumba, alimwandikia mfalme mwaka 2020, hakimu akaamua jino lirudi kwa familia, na Juni 20, 2022 likakabidhiwa mjini Brussels. Angalia mambo mawili. Binti wa Soete hakuambiwa kwamba kurithi kumelisafisha jino. Na waendesha mashtaka walikiri kwamba uhakika kamili haukuwapo, kwa kuwa kulipima vinasaba kungeliharibu. Hata hivyo likarudishwa, kwa sababu maneno ya Soete mwenyewe na mlolongo wa waliolishika vilitosha. Shajara ya Storms imepungukiwa na nini ambacho kumbukumbu za Soete zilikuwa nacho? Tofauti ni kwamba familia moja ina jina linalotetemesha mabalozi, na nyingine iko Moba.

Ulaya yenyewe ilijifunza somo hili kwa watu wake. Mwaka 1998 nchi 44 zilikubaliana, katika Kanuni za Washington, kwamba wanaodai michoro waliyoporwa na Manazi wasihukumiwe kwa ukosefu wa karatasi, kwa kuwa waliopora mali ndio waliosababisha karatasi zipotee. Maria Altmann aliishtaki Austria akidai michoro ya Gustav Klimt iliyokuwa ya ami yake. Mwaka 2004 Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu kesi iendelee, na mwaka 2006 waamuzi wakampa michoro mitano. Kanuni hizo hazina nguvu ya sheria na kesi nyingi bado zinashindwa; familia ya Cassirer imepigania mchoro mmoja wa Pissarro ulioko Madrid kwa zaidi ya miaka ishirini, kutoka mahakama moja hadi nyingine. Hata hivyo swali limegeuzwa. Jumba la makumbusho linalokaa kimya kuhusu miaka ya 1933 hadi 1945 katika historia ya mchoro wake linaonekana lina jambo. Kwa nini pengo hilo liwe aibu katika mchoro wa Vienna, na liwe jambo la kawaida katika sanamu ya Katanga? Na hapa hata pengo hakuna.

Iko hoja inayosemwa kwa sauti ya chini zaidi, nayo ndiyo inayonipa shida kuliko zote. Lusinga hakuwa mtu mwema. Alivamia vijiji, akakamata watu na kuwauza, na msafiri Joseph Thomson aliyemkuta mwaka 1879 aliandika habari zake kwa kuchukizwa. Wako Moba na Kalemie watu ambao mababu zao walitembea na minyororo kwa sababu yake, na kikao chochote cha kumpokea ambacho hakitawaita hawa kitakuwa nusu kikao. Lakini ubaya wa mtu hauhamishi mali ya ukoo wake kwenda kwa aliyemuua. Storms hakuvichukua vitu ili kuwafidia waliouzwa. Hakuna aliyetekwa na Lusinga aliyepata faida hata ya senti moja kutokana na sanamu iliyosimama sebuleni Ixelles, na mateka wa siku ya shambulio walibadilishiwa bwana tu. Kama hukumu juu ya Lusinga inahitajika, mahali pake ni kule alikotenda, na wahukumu ni wale aliowatenda.

Hoja ya uhifadhi naipa nafasi ndogo. Ni kweli Kinshasa ina doa. Rais Mobutu alipodai sanaa ya Zaire, Kongo ya wakati ule, katika Umoja wa Mataifa, Oktoba 1973, Ubelgiji ilijibu taratibu: kati ya 1976 na 1982 ilipeleka vitu 114 kutoka Tervuren, tena ikiviita zawadi. Utawala ulipoanguka mwaka 1997, ghala za makumbusho ziliporwa, na baadhi ya vitu vikaonekana tena kwa wauzaji wa Ulaya. Aliyevinunua huko, sijui kwa nini, hatajwi sana katika hadithi hii. Tangu 2019 Kinshasa ina jengo jipya la Makumbusho ya Taifa lililojengwa kwa msaada wa Korea Kusini, na Lubumbashi ina makumbusho yake. Lakini hata kama jengo lisingekuwapo, ubovu wa ghala la mwenye mali haujawahi kuwa hati ya umiliki kwa jirani mwenye ghala zuri. Mwaka 2022 Waziri Mkuu wa Ubelgiji, Alexander De Croo, alimkabidhi mwenzake wa Kongo orodha ya vitu karibu 84,000. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga walisema. Daftari sasa lipo, na yaliyomo yamebaki Tervuren.

Linabaki swali la nani apokee. Hili si kisingizio cha Wabelgiji tu, ni swali letu. Sheria ya 2022 inazungumza na serikali kwa serikali. Kinshasa ikipokea, sanamu inaweza kuwekwa kwenye kioo cha Kinshasa, mbali na ziwa kama ilivyokuwa mbali nalo Ixelles kwa moyo wa Mtabwa. Kitukuu wa Lubumbashi anajitambulisha kuwa damu ya Lusinga, lakini kwa desturi ya upande wa mama huenda mrithi wa cheo akawa mtu mwingine kabisa, mwana wa binti wa dada. Tanzania imeonyesha kwamba damu yaweza kutafutwa: mwaka 2023 wataalamu wa Berlin walitangaza kwamba vinasaba vya baadhi ya mafuvu yaliyotoka Uchagani vililingana na vya watu walio hai. Kwa fuvu, njia hiyo ipo. Kwa sanamu, kipimo ni ushuhuda wa wazee. Haya yote ni kazi, na yatazua ugomvi. Ila ugomvi wa warithi wawili ndani ya ukoo haujawahi kumfanya mpangaji kuwa mwenye nyumba. Makumbusho ikisema itangoja Watabwa waelewane, inajipa kiti katika kikao ambacho haina ndugu ndani yake.

Kwa hiyo kinachodaiwa Brussels ni kidogo kuliko watu wanavyoogopa. Kwanza, nambari ya mwaka katika sheria: 1885 isogezwe hadi 1876, mwaka ambao chama cha Leopold kilianza. Pili, swali ligeuzwe kama lilivyo Kasumbalesa, aliyeshika kitu aeleze alikipata vipi, na asipoeleza, au akieleza kama Storms alivyoeleza, aachie. Sanduku likitua siku moja uwanja wa ndege wa Luano, Lubumbashi, forodha itauliza yale inayouliza kila siku. Mzigo umetoka wapi, na nani aliutuma: hayo yanaweza kujazwa leo, kwa mwandiko wa Storms mwenyewe na risiti ya mjane. Nafasi ya mpokeaji itabaki wazi kwa muda, mpaka wazee wa Moba watandike mkeka, waite upande wa mama, waite na wana wa waliouzwa.